Plaki Moja kwa Mtu Mmoja

Uwanjani kwetu, karibu na ukuta wa jikoni, kuna doa jeusi la mafuta ambalo mvua zote za Uvira zimeshindwa kuliosha. Nimelimwagia maji ya majivu, nimelisugua kwa ufagio wa jirani mpaka jirani mwenyewe akaja kudai ufagio wake, na doa bado liko. Hapo ndipo ilipokaa trisikli ya mume wangu. Watoto wakicheza mpira wanaliruka bila kuambiwa. Mimi hulikanyaga makusudi kila asubuhi nikitoka kuwasha makaa.

Kwa asiyejua, trisikli ni kiti juu ya magurudumu matatu, na pedali zake ziko mbele ya kifua, za kuzungushwa kwa mikono. Mume wangu aliugua polio akiwa mdogo kule Mutarule, na miguu yake ikakataa kukua pamoja na mwili. Alipokuwa kijana aliteremka Uvira, akapata trisikli, akaingia katika kazi waliyoifanya wengi wenye hali kama yake: kuvuka mpaka wa Kavimvira kwenda Burundi na kurudi na mizigo. Watu wa duane, yaani forodha, walikuwa hawawabani sana watu wa trisikli, na wafanyabiashara walilijua hilo, kwa hiyo sanduku la nyuma ya kiti halikukosa sabuni wala biskuti. Alizungusha pedali kwenye jua la bonde la Ruzizi huku akiimba nyimbo za kwaya. Nilipomwona mara ya kwanza niliyaona mabega, sura niliiona baadaye. Dada zangu hucheka nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mabega hayo ndiyo yaliyoisha. Lilianza la kulia, kisha la kushoto, mpaka akawa hawezi kuinua kikombe cha chai bila kukunja uso. Daktari alimpapasa, akamzungusha mkono, akasema viungo vimelika, apumzishe mikono. Sikumchukia daktari, alisema alichokiona. Lakini mtu anayetembea kwa mikono ukimwambia aipumzishe, umemwambia akae pale alipo.

Tangu siku hiyo kila safari yake ikawa ya mgongo wa mtu. Kanisani alikwenda kwa mgongo wangu, au wa kaka yake mkubwa siku akiwapo mjini. Huyo kaka alikuwa na historia ya kumbeba. Utotoni, kule Mutarule, alimbeba kila siku kwenda shule, akipita kwenye matuta ya mpunga na mifereji yake, na mwalimu alikuwa akimchapa yeye kwa kuchelewa, si yule aliyebebwa. Mume wangu hukisimulia kisa hicho kwa sauti ya chini, kama yuko kwenye sala. Nimekisikia mara nyingi hata napajua mahali anapopumua.

Mama yao alikuwa akiishi Luberizi, si mbali sana na barabara kuu ya Bukavu, lakini kutoka barabarani hadi kwake kuna njia ya miguu kati ya mashamba. Macho yake yalikuwa yamekufa. Kila tulipofika, mume wangu akiwa mgongoni kwa mtu, mama aliuliza swali lilelile: ni nani amekuleta? Akishatajiwa, alimshukuru huyo mtu, akamwombea baraka. Siku moja alisema wazi kilichokuwa kikimsumbua.

"Mwanangu, minye nitakufa na kuacha bo batu banakubeba. Kama siku moja utakuya peke yako, nitalala muzuri."

Mume wangu akamwahidi. Aliahidi mbele yangu, mbele ya kaka yake, mbele ya kuku waliokuwa wakipita ndani ya nyumba. Angetafuta mashine ya kuweka kwenye trisikli, mama angeisikia ikilia kutoka mbali, na mwanawe angefika peke yake. Kuanzia hapo hakuzungumza jambo jingine. Alitaka kufika kwa mama yake bila kubebwa, kabla mama hajaondoka.

Tukampelekea trisikli fundi wa kuchomelea vyuma pale Kimanga. Alikuwa na injini ya pikipiki iliyookolewa nyumba fulani ilipomezwa na ziwa, wakati maji yalipopanda. Aliifanyia kazi polepole mno. Leo hana umeme, kesho hana kipuri, keshokutwa yuko kwenye matanga. Nilikwenda kumgombeza, nikarudi, nikaenda tena. Mume wangu alikuwa akiniambia nimwache mtu wa watu.

Lakini hata kama fundi angemaliza siku ileile, plaki, kile kibao cha namba ya usajili, tungeitoa wapi? Sheria za kuandikisha vyombo zilikuwa ngumu kwa mtu yeyote, na kwa mtu kama mume wangu zilikuwa kichekesho. Chombo kiwe na karatasi za duane, na kile chetu kilizaliwa Kimanga. Kodi ilipwe yote. Na kila mwaka mwenye ulemavu alipaswa kuleta cheti kipya cha daktari kuthibitisha kwamba bado ni mlemavu, kana kwamba miguu ingechipua wakati wa masika. Bila plaki huendi popote, maana kutoka hapa hadi Luberizi kuna bariere, vizuizi vya barabarani, na kwenye bariere kuna polisi wa barabarani, na polisi wa barabarani haoni mtu, anaona plaki.

Kisha siku moja redio ya mjini ikatangaza, na Jumapili padri akarudia baada ya misa. Sheria imelegezwa. Mwenye ulemavu wa kudumu ataandikisha chombo chake bila kodi. Cheti cha daktari ni kimoja tu, cha maisha. Na trisikli zilizotengenezwa na mafundi wa hapa zitakubaliwa. Mtu mmoja, plaki moja.

Mume wangu alicheka kwa sauti pale pale kanisani, watu wakageuka. Nami nilicheka. Sikumbuki kama tuliwahi kucheka hivyo tena.

Wiki zilizofuata, Uvira nzima iligundua kwamba inawapenda walemavu wake. Mjane mmoja wa jirani, asiyeona, ambaye ukoo wake ulikuwa haumletei hata ndagala, dagaa wa mchuzi, alianza kupata wageni wenye mikungu ya ndizi. Wapwa walizaliwa upya. Kila mwenye pikipiki isiyo na plaki alimkumbuka ndugu asiye na mguu. Niliviona vyote hivyo nikacheka pembeni, nikijua kwetu hakuna wa kutuletea upuuzi huo.

Basi kaka mkubwa akaja na kasiksi.

Kasiksi ni pombe ya ndizi, na kwa watu wa bonde, mtu akija na pombe ujue ana neno. Huwezi kumuuliza neno gani. Unaleta chungu, pombe inamiminwa, mirija inatumbukizwa, mnakunywa pamoja, na baada ya hapo ndipo anasema. Ukishavuta mrija wa mtu, kumkatalia mbele ya chungu ni kumvua nguo. Nililiona lile dumu la njano mlangoni. Nilimkonyeza mume wangu asinywe. Akanywa. Ni kaka yake, angefanyaje?

Kaka akapangusa midomo, akasema.

"Mudogo wangu, ba polisi ba roulage bananimaliza. Kila bariere banauliza plaki, kila siku. Uniazime jina yako kidogo tu, niandikishe pikipiki. Trisikli yako bado iko kwa fundi. Ikiisha, tutabadilisha, utakamata plaki yako."

Nilikuwa nachambua mboga za lengalenga mlangoni. Nikashindwa kujizuia.

"Shemeji, jina haiko sufuria ya kuazima. Na banasema mutu moja, plaki moja."

"Shemeji, hii iko neno ya minye na mudogo wangu."

"Mama watoto, acha kwanza," mume wangu akasema.

Nikaacha. Nilikata lengalenga zile mpaka zikawa uji. Kaka alipotoka nilimwambia mume wangu kila nilichokuwa nacho kifuani, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho, maana si mtu wa kumkatiza mwenzake.

"Yaya alinibeba mpaka nikajua kusoma," alisema; yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Alichapwa ju yangu. Leo anaomba jina tu. Nimukatalie je?"

Nikachukua kile chungu, nikaenda kukiosha nje.

Ofisi ya kuandikisha vyombo ilikuwa ghorofani. Nafuu ya watu wasioweza kutembea ilitolewa juu ya ngazi. Kaka akainama, mume wangu akamshika shingo, wakapanda. Mimi nilifuata nyuma nikiwa nimebeba viatu vya mume wangu, maana hata asiyetembea anapenda kuvaa viatu mbele ya wakubwa. Wakashuka na karatasi. Plaki ilipotoka ilikuwa na alama ya mlemavu pembeni, na kaka akaifunga kwenye pikipiki yake kwa waya, akapiga kelele za furaha, akaondoka. Polisi wakawa wanampisha kwenye bariere. Mtu mwenye miguu kama nguzo za daraja.

Trisikli ikaisha. Nitasema ukweli, fundi yule alichelewa lakini hakuharibu. Ilinguruma vizuri, na mume wangu aliizungusha uwanjani kwetu huku watoto wakiikimbilia, na uso wake nikauona ule wa zamani, wa kijana wa mpakani. Akasimamisha mashine karibu na jikoni, ikadondosha mafuta yake ya kwanza. Tukalitazama lile doa tukifurahi.

Siku ya pili tukaenda ofisini, safari hii kwa mgongo wangu. Karani alitazama daftari lake, akatutazama.

"Papa, huku weye uko na pikipiki tayari. Mutu moja, plaki moja."

"Ile iko ya yaya wangu. Tutabadilisha."

"Basi mulete ile pikipiki na plaki yake hapa. Tuifute, tukupe ingine. Haiko nguvu."

Kweli haikuwa ngumu. Kilichotakiwa ni kaka alete pikipiki. Kaka alisema ngoja avune mpunga. Mpunga ukavunwa. Akasema ngoja amalize kubeba watu wa soko la Luberizi. Akasema barabara imekatika. Akasema, safari moja, kwamba mudogo wake anamharakisha kama si ndugu. Mume wangu alikuwa akiwasha trisikli kila jioni, anaizungusha uwanjani kidogo, anaizima. Siku moja alitoka nayo hadi barabara kubwa, na polisi wa kwanza kabisa akamwambia kwa upole arudi nyumbani. Akarudi. Wakati huohuo habari zikaja kwamba mama anashindwa kula.

Nilimwambia apande teksi kwenda kumwona. Akasema atakwenda kwa mashine, kama alivyoahidi. Nikamwambia mama hangoji mashine. Tukagombana, na kwa mara ya kwanza alinipazia sauti.

Hapo ndipo polisi walipokuja nyumbani. Walikuwa wawili, wamekasirika tangu mlangoni. Walisema pikipiki yenye plaki fulani imemgonga mama mmoja aliyekuwa amebeba beseni la nyanya karibu na soko la Luberizi, mguu wake umevunjika, na dereva hakusimama. Watu waliisoma plaki. Jina la mwenye plaki ni hili. Yuko wapi?

Mume wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka. Akainua mkono wake mbovu kidogo.

"Ni minye."

Walimtazama miguu, wakatazamana. Mmoja akavua kofia.

"Papa, hapana weye uliendesha. Utuambie ni nani. Ukitaja jina yake, hii yote itakutoka, na plaki watakurudishia."

Nilimtazama mume wangu. Nilimwomba kwa macho, kisha kwa mdomo. Ilikuwa kutaja jina moja tu, na kesi imwendee mwenyewe, na trisikli ipate plaki, na mama aisikie ikilia. Kila tulichokitaka kilikuwa kwenye neno hilo. Mimi ningeweza kulisema. Nilifungua kinywa, naye akanishika ukingo wa kitenge changu, akaushikilia.

"Pikipiki iko kwa jina yangu," alisema. "Huyo mama atatunzwa. Nitauzisha trisikli."

"Na miguu yako?" nikamuuliza mbele yao. Nilikuwa nalia kwa hasira.

"Mguu yake itapona. Yangu haiponi."

Aliyeinunua trisikli alikuwa mtu wa Kiliba, aliyetaka kubebea miwa. Aling'oa kiti akatuachia, akasema hana haja nacho. Huyo mama wa nyanya alitibiwa, nashukuru, na nasikia sasa anatembea. Ofisi ilifuta plaki ile na kulifungia jina la mume wangu, kwamba alilitumia vibaya, asipewe nafuu tena. Sheria iliyolegezwa kwa ajili ya watu kama yeye ikabaki kwa wengine. Kaka hakuonekana. Walisema amepanda milimani, walisema yuko Burundi.

Kisha tukaitwa. Mama alikuwa anaondoka.

Tulipanda teksi asubuhi. Kwenye kila bariere polisi walichungulia ndani, wakatupita. Nje kulikuwa na ng'ombe katikati ya mpunga uliokatwa, na jua kali. Tulishushwa mahali njia ya miguu inapoanzia. Nilimweka mume wangu juu ya jiwe ili nijifunge kitenge vizuri. Nilipoinua kichwa, kaka alikuwa amesimama pale na pikipiki yake. Alikuwa amekonda. Plaki ilikuwa bado imefungwa, imepakwa tope ili isisomeke.

Hakusalimia. Alifuta kiti cha nyuma kwa mkono wa shati.

"Mudogo wangu, panda. Mama anakungojea."

"Siwezi kukaa nyuma ya plaki yangu," mume wangu alisema.

Kaka akaacha pikipiki, akaja, akageuka, akainama. Aliinama vilevile kama alivyoinama siku ya ngazi, na nadhani vilevile kama alivyoinama Mutarule alipokuwa mtoto. Mume wangu aliutazama ule mgongo. Niliona mikono yake ikitaka kuinuka.

"Mama watoto," akaniita. "Unibebe weye."

Nikambeba. Ni mzito, nisidanganye mtu. Mabega yamekufa lakini uzito wake bado upo. Nilitembea juu ya tuta, jasho likiniingia machoni, na kaka akawa anatufuata nyuma na pikipiki, taratibu, kwa mwendo wangu, injini ikinguruma. Nilitamani kumgeukia na kumtukana, lakini sikuwa na pumzi ya kutosha kwa kazi zote mbili. Nikisimama, naye anasimama. Mume wangu alikuwa ameegemeza shavu lake shingoni kwangu, na nilijua analia kwa sababu kola yangu ilikuwa imelowa upande mmoja tu.

Tulipofika mlangoni, kaka akazima mashine. Hakuingia. Wanawake waliokuwa wakimwuguza mama wakatupisha. Nilipiga magoti, nikamteremsha mume wangu kwenye ukingo wa kitanda bila kishindo, kisha nikarudi nyuma mpaka ukutani. Mama alikuwa mdogo sana chini ya shuka. Uso wake ukageukia upande wetu.

"Nilisikia mashini," alisema. "Ilikuwa inakuya polepole, minye ninaisikia. Iko yako?"

Mume wangu alimshika mkono. Wanawake wote walinitazama mimi.

"Iko yangu, mama."

"Na ni nani amekuleta?"

"Hakuna mutu. Nimekuya peke yangu."

Mama akatabasamu, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti ndogo. Kifua changu kilikuwa kinawaka, pumzi zinanikimbia kwa kumbeba ile njia yote. Nikachukua kitenge changu, nikajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, ili asinisikie nikihema.